Kuandaa kidimbwi cha vyura kabla ya mvua za kwanza

Hapa Chamwino tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi, kwa hiyo kidimbwi changu nyuma ya mizabibu nakiandaa Novemba. Tope natoa nusu tu, taratibu kwa mkono, maana wapo vyura wanaojichimbia ardhini kiangazi chote. Ukingo mmoja uwe na mteremko wa mawe, la sivyo chura mdogo akishaota miguu atashindwa kutoka. Perege usiweke, watamaliza viluwiluwi. Na dawa ya kupulizia mizabibu isiingie humo hata tone.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi hutoka, na usiku vyura hulia mpaka kunakucha. Asubuhi tazama juu, si majini: kwenye tawi lililoinamia maji huenda ukaona povu jeupe kama la sabuni. Ni kiota. Jirani yangu aliwahi kukata tawi la namna hiyo akidhani ni uchafu, niliumia sana. Povu usiliguse. Nje hukauka, ndani mayai hubaki na unyevu, na baada ya siku chache viluwiluwi hudondoka majini. Mimi huketi pale na wajukuu, tukivisubiri.