Jinsi ya Kupata Wateja Wanaokufaa Unapoanza Biashara ya Kukata Nyasi

Mwanzoni, hofu ya kukosa kazi humfanya mtu amkubali kila anayepiga simu. Ratiba inajaa haraka, mashine inakunywa mafuta kila siku, lakini pesa haionekani. Ukichunguza utakuta muda mwingi umeishia barabarani, kati ya mteja wa upande huu wa mji na mwingine wa upande ule, na hakuna anayekulipa kwa safari. Mteja wa kutafuta ni yule aliye jirani na mteja uliye naye, anayetaka nyasi zikatwe kwa ratiba.

Hatua ya 1: Jua uwezo wa mashine yako

Mashine ya kusukuma yenye upana wa nusu mita, ukitembea kilomita 4 kwa saa, kihesabu inakata mita za mraba 2,000 kwa saa. Uwanjani hutazipata: kila mstari utapanda kidogo juu ya uliotangulia, utageuza, utamwaga majani, utazunguka miti. Chukua nusu yake. Uwanja wa mita za mraba 500 basi ni kama nusu saa, bado kingo na kufagia. Ukiitwa kwenye uwanja wa mita za mraba 5,000, hiyo ni siku yako nzima. Pima pia upana wa mashine na uhakikishe inapita kwenye mageti madogo ya uani.

Hatua ya 2: Chagua mtaa mmoja au miwili

Anza na eneo unaloweza kulizunguka bila kupoteza zaidi ya dakika kumi kutoka nyumba hadi nyumba. Fungua Google Earth, tazama viwanja kutoka juu na uvipime kwa kifaa chake cha kupimia. Kisha nenda kwa miguu. Penye nyasi zilizokatwa hovyo kuna mtu aliyezoea kulipia kazi hii lakini hajaridhika. Penye kichaka cha miezi mingi, mara nyingi mwenyewe hajali, na hutambadilisha.

Hatua ya 3: Amua unamtaka nani

Familia zinazoshinda kazini na wazee wasioweza tena kusukuma mashine ndio uti wa mgongo wa biashara changa. Wenye nyumba za kupangisha nao ni wazuri, kwa sababu akiridhika na nyumba moja atakupa nyingine. Shule, ofisi na nyumba za ibada zina viwanja vikubwa vinavyovutia macho, ila malipo yake hupitia karatasi nyingi na huenda yakachelewa. Mimi ningeziacha mpaka niwe na akiba ya mafuta na vipuri.

Hatua ya 4: Zunguka nyumba uliyomaliza kukata

Hapa ndipo ningeweka nguvu zangu nyingi. Ukimaliza kazi, kingo zikiwa zimenyooka na njia imefagiwa, usipakie mashine ukaondoka. Bisha hodi nyumba mbili za kulia, mbili za kushoto na zile za ng'ambo. Sema kwa kifupi: "Habari za leo? Nimetoka kukata nyasi za jirani yako hapo, na nitakuwa napita kila wiki. Ungependa nikutazamie uwanja wako nikupe bei?" Jirani hahitaji maelezo marefu, kazi anaiona kwa macho yake. Asipokuwepo, acha kipeperushi chenye namba ya simu na siku unayopita mtaani. Mlinzi msalimie vizuri. Ndiye anayejua nani amegombana na mkata nyasi wake.

Hatua ya 5: Uliza kabla ya kutaja bei

Zilikatwa lini mara ya mwisho? Anataka kila baada ya muda gani? Nani atafungua geti, mbwa atafungwa, majani yatupwe wapi? Analipa papo hapo au mwisho wa mwezi?

Swali la ratiba linachuja kuliko yote. Nyasi hazipendi kupunguzwa zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mkato mmoja. Ukitaka zibaki sentimita 6, zikate zikifika 9. Anayekuita mara moja kwa miezi miwili wakati wa mvua atakufanya ukate mashina, uwanja utabaki wa manjano, na lawama ni zako. Mweleze hivyo. Akielewa, huyo ni mteja. Asipoelewa, muage kwa heshima. Jihadhari pia na anayesema "nifanyie rahisi leo, kesho nitakupa kazi nyingi," na anayewasema vibaya wakata nyasi wote waliomtangulia.

Hatua ya 6: Tenga bei ya mkato wa kwanza

Nyasi ndefu huhitaji kupitiwa mara mbili, kwa hiyo mkato wa kwanza uwe na bei yake, na ya kila wiki iwe chini. Zote ziandike kwenye ujumbe mmoja wa simu, mteja ajibu kwamba amekubali.

Hatua ya 7: Chuja tena baada ya miezi miwili

Kwa kila mteja, jumlisha dakika za safari na za kazi, kisha gawanya malipo kwa jumla hiyo. Walio mkiani wapandishie bei au waachie. Yule wa mbali, mpe namba ya mwenzako anayefanya kazi upande huo, na mkubaliane akupe wa upande wako.