Kula mahindi ya Juni mpaka Machi: namna ya kununua, kukausha na kufunga, kwa tunaoishi Tabora mjini

Mwezi wa sita wifi yangu wa Isevya alivunja kibubu, akaniita: "Wifi, safari hii sitaki kununua unga wa kilo mbili mbili Januari. Njoo unionyeshe." Tulifanya kazi hiyo pamoja mpaka ikaisha, na tangu hapo majirani zake hawaishi kunipigia simu kuuliza tulifanyaje. Naandika ili nipumue.

Huku tuna msimu mmoja tu wa mvua. Inaanza Novemba, inakatika Aprili, na mahindi yanavunwa kati ya Mei na Julai. Bei inashuka mazao yanapotoka shamba, kisha inapanda taratibu mpaka inakaba koo kwenye Januari na Februari. Anayenunua unga dukani wakati huo anamlipa mwenye ghala aliyenunua mahindi Juni. Hakuna kinachokuzuia kuwa wewe mwenye ghala, ila wadudu na unyevu, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni wadudu na unyevu.

Hatua ya kwanza: jua mnakula kiasi gani

Usikisie. Chukua kopo unalochotea unga, lipime mara moja kwenye mzani wa duka, halafu kwa wiki mbili piga mstari ukutani kila unapochota. Tuseme umepata kilo moja na nusu kwa siku. Hiyo ni kilo 45 kwa mwezi, na kuanzia Agosti hadi Machi ni kilo 360. Magunia manne ya kilo 100 yanatosha na ya wageni yanabaki. Hesabu hii ni ya dona. Mla sembe aongeze gunia, maana kinachotoka kwenye kukoboa ni chakula chako kinachogeuka pumba. Mimi ni mtu wa dona na sitajifanya sina upande.

Hatua ya pili: hela

Kibubu, mchezo wa kina mama, VICOBA, chochote kinachokufikisha Juni na fedha mkononi. Usikope mikopo ya kausha damu ili ununue mahindi, riba itakula faida yote kabla dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi, hajaamka.

Hela isipotosha magunia manne, nunua mawili na uyafunge kwa ajili ya Desemba hadi Machi. Miezi ya Agosti hadi Novemba endelea kununua debe debe, bei bado inavumilika. Watu wengi hufanya kinyume: wananunua mawili, wanaanza kuyala siku hiyo hiyo, na Desemba wako tena dirishani kwa Mangi wa duka.

Hatua ya tatu: kununua

Nunua kwa mzani. Debe la kufuta (lililosawazishwa mdomoni) si debe la kichwa (lililojazwa kilima), na mpimaji mzoefu anajua kulijaza debe huku akilibakiza na hewa. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, achana nayo hata kama inaonekana ni ya kukupendelea: sheria ya vipimo imeikataza, inamnyonya mkulima, na wewe huwezi kujua umenunua kilo ngapi.

Muombe muuzaji achome gunia kwa bambo (kile chuma chenye tundu cha kuchotea sampuli), chini na katikati, siyo mdomoni. Mahindi mazuri yamewekwa juu, hilo kila mtu analijua. Angalia matundu kwenye punje, harufu ya uvundo, na unga mweupe laini. Huo unga ni kazi ya dumuzi, na ukiuona mwingi hama muuzaji.

Ukiwa na ndugu Uyui, Sikonge au Urambo, nunua huko, ila jumlisha nauli ya gari na ya mbebaji kabla hujafurahi.

Hatua ya nne: kukausha

Hapa ndipo tulipokaa sana, na ndipo utakapotaka kufanya haraka.

Kila muuzaji atakwambia mahindi yake ni makavu. Atang'ata punje mbele yako, italia ka, na kwake ushahidi umekamilika. Meno yanatambua mahindi mabichi, basi. Hayatambui tofauti ya unyevu wa asilimia 15 na 13, na tofauti hiyo ndiyo itakayoamua Desemba unafungua mahindi au unafungua uvundo.

Tumia chumvi. Tafuta chupa ya kioo yenye mfuniko, ioshe, ianike mpaka ndani pawe pakavu kabisa. Chumvi ya dukani mara nyingi ina unyevunyevu, kwa hiyo ipashe kwenye sufuria kavu mpaka punje zake zisishikane, kisha iache ipoe. Weka vijiko viwili vitatu kwenye chupa, ongeza mahindi mpaka theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika moja, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15. Ikidondoka yote chini, yamepungua hapo.

Kwa wifi iliganda toka shingo ya chupa mpaka kitako. Ni mahindi yale yale ambayo muuzaji aliyaapia kwa jina la mama yake.

Mambo manne kuhusu kipimo hiki, maana simu nyingi zinatokea hapa.

Kwanza, pima kila gunia, na chukua punje za chini na za katikati. Magunia manne kutoka kwa mtu mmoja yanaweza kuwa yametoka mashamba manne.

Pili, chumvi kukubali hakumaanishi umemaliza. Imekwambia tu kwamba uko chini ya 15, wakati kwa kuhifadhi miezi mingi unataka 13 hivi. Mimi naongeza siku mbili za jua kamili baada ya chumvi kukubali. Jua la Juni na Julai hapa kwetu ni la bure na halina mawingu, sasa haraka ya nini?

Tatu, chupa ikiwa na maji hata tone, kipimo kitakudanganya na utaanika mahindi makavu wiki nzima.

Nne, usipime mahindi ya moto yaliyotoka juani sasa hivi. Yaache yapoe.

Kuanika kwenyewe ni kwenye turubai, unene wa vidole viwili, na ugeuze kila baada ya saa moja hivi. Siyo kwenye udongo, wala pembeni ya lami. Kuvu wanaotoa sumukuvu wanaishi kwenye udongo, na sumu hiyo haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na iliwapata kwenye ugali wa kawaida wa nyumbani. Wakati unageuza, kaa chini uchambue: punje za kijivu, za kijanikijani, zilizopondeka au kusinyaa, toa. Usiwape kuku, sumu inawadhuru na wao.

Asubuhi za kipupwe umande unachelewa kukauka, kwa hiyo tandaza saa tatu, usiamke saa kumi na mbili kuonyesha bidii. Saa kumi jioni kusanya na uingize ndani. Mahindi yakilala nje yanarudisha usiku ulichokitoa mchana. Mbuzi wa jirani utapambana nao mwenyewe, sina dawa.

Hatua ya tano: kufunga

Kuna njia tatu zinazoshindaniwa, na mimi nina yangu.

Majivu na majani ya mwarobaini ni njia za wazee, zinasaidia kidogo kwa fukusi, mdudu wa kawaida wa nafaka. Kwa dumuzi sizitegemei. Huyu mdudu ni mgeni kutoka Amerika ya Kati, na ni hapa hapa mkoani Tabora alikoonekana kwanza nchini, miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, watu wakambatiza Scania. Anatoboa mahindi, anatoboa makopa ya muhogo, anatoboa hata mbao. Vihenge vya babu zetu havikujengwa kwa ajili yake.

Dawa ya unga ya kuchanganya na nafaka inafanya kazi ukinunua halisi, ukifuata kipimo cha kwenye pakiti na ukisubiri siku zilizoandikwa kabla ya kula. Shida ni kupata halisi. Na vidonge vya fosfini, vile vinavyowekwa kwenye maghala makubwa, usivilete kabisa kwenye nyumba mnayolala. Gesi yake haichagui mdudu na mtoto.

Njia yangu ni mifuko ya PICS, mifuko isiyopitisha hewa ya kuhifadhia nafaka. Ni mifuko miwili ya plastiki nene, ya maikroni 80, ndani ya kiroba cha nje. Haina dawa yoyote. Wadudu mliowafungia ndani wanavuta oksijeni mpaka inakwisha, wanaacha kula, wanakufa. Ndiyo maana usihangaike ukiona mdudu mmoja mmoja wakati wa kujaza. Mfuko mmoja unagharimu bei ya kilo chache za unga na unarudiwa msimu wa pili na wa tatu kama haujatoboka. Uliza maduka ya pembejeo, na chukua wa kilo 50 badala ya 100. Kwa nyumba ya kilo 45 kwa mwezi, mfuko mmoja ni mwezi mmoja: ukishaufungua unakwisha kabla wadudu hawajarudi.

Sasa kazi. Kila mfuko wa plastiki ukamate mdomo, uujaze hewa, uminye na usikilize kwa sikio. Ukisikia fsss, una tundu, rudisha dukani. Chomeka plastiki ya kwanza ndani ya ya pili, kisha zote ndani ya kiroba. Chekecha mahindi kabla ya kujaza, maana vipande vya magunzi na vijiti ndivyo vinavyotoboa. Jaza kidogo kidogo ukishindilia kwa mikono, pembe zote, hewa itoke. Acha shingo tupu kama sentimita 30. Anayejaza mpaka mdomoni hana cha kufunga.

Kamua shingo ya plastiki ya ndani kama unavyokamua nguo, mpaka isipitishe kitu. Ikunje iangalie chini, uifunge juu ya mkunjo. Halafu ya pili peke yake, kwa namna ile ile. Halafu kiroba. Fundo tatu, kila moja na kamba yake. Wanaozikusanya zote tatu kwenye fundo moja ili kuokoa dakika mbili wanafunga kiroba tu, hewa inapita katikati ya mikunjo.

Kamba nzuri ni vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Fundi baiskeli anakupa bure au kwa shilingi mia. Mpira unabana na kuendelea kubana; kamba ya manila inalegea ikishakaa, na waya unakata plastiki.

Na tena: usijaze mahindi ya moto kutoka juani. Yalaze ndani usiku mmoja, ufunge asubuhi, la sivyo joto litatoa mvuke ndani ya mfuko.

Maharage yana njia rahisi zaidi. Nunua yale ya Kigoma, ya Kasulu, yanapoingia kwa wingi, yakaushe, uyamimine kwenye dumu la mafuta ya kula la lita 20 lililooshwa kwa sabuni na kukauka kabisa. Jaza mpaka shingoni ukitikisa, funga kizibo kwa nguvu. Dumu lililowahi kubeba petroli au dawa ya shamba, hapana.

Hatua ya sita: kuweka

Juu ya matofali na mbao, mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita, bati lisilovuja. Chaga ya mbao kuukuu iangalie vizuri, ikiwa na matundu na vumbi la unga umemkaribisha dumuzi wa watu. Makopa yakae chumba kingine. Panya ni paka au mtego, na usirundike vyombo mbele ya mifuko, ndipo wanapojificha.

Hatua ya saba: kutumia

Mifuko ya Desemba usiiguse, hata kwa kuonyesha mgeni. Kila unapofungua unaingiza hewa mpya. Fungua mmoja, toa debe la kupeleka mashineni, funga upya fundo zote tatu, hata kama unajua utarudi baada ya siku nne. Saga kidogo kidogo, dona haikai muda mrefu bila kuwa chungu.

Mfuko ukiisha, ugeuze, utoe vumbi lote, ujaze hewa na usikilize tena. Wenye tundu unaweza kuwa wa nje msimu ujao, au wa kuwekea pumba za kuku. Mzima ukunje na uuning'inize kwenye kenchi kwa waya, panya wasiufikie.