Usikariri kitenzi cha Kiingereza peke yake

Ukijifunza Kiingereza, usiandike look peke yake kwenye daftari. Iandike pamoja na kihusishi chake, kisha mkabala wake weka kitenzi kimoja tu cha Kiswahili: look at, tazama; look for, tafuta; look after, tunza; look into, chunguza. Anayekariri kwamba look ni kuangalia, basi, ndiye huishia kuandika I am looking my phone wakati anatafuta simu.

Njia hii inafaa kwa sababu kwa Kiswahili sisi hubadili maana ndani ya kitenzi chenyewe: kimbia na kimbilia, hama na hamia. Kiingereza huiacha kazi hiyo kwa kineno kinachofuata: run from, run to. Chunga zaidi to na at, maana hapo unaweza kumuudhi mtu bila kukusudia. Shout to him ni kumpazia sauti akiwa mbali. Shout at him ni kumfokea. Vivyo hivyo, throw the ball to him ni kumrushia audake, lakini at him ni kumlenga umpige nao.

Njia hii inagoma pale jozi moja ya kitenzi na kineno inapobeba maana nyingi. Make up ni kupatana, kubuni, hata kujipodoa. Hiyo iandikie sentensi nzima kwa kila maana. Pia haikuonyeshi mahali pa kuweka it: tunasema look it up, ila look after it.