Onyesho la ndege baharini: kujipanga na wenzako Mama Ngina

Ndege zinazozungumziwa hapa ni za chuma. Wale wenye manyoya watakuja wenyewe, na hasa kunguru tutawafikia.

Onyesho likiwa juu ya bahari, bustani ya Mama Ngina, ufuoni Mombasa, ndiyo mahali pa kwanza pa kufikiria. Mashujaa Dei ya kitaifa ya 2019 ilifanyika papo hapo. Mbele yako ni bahari tupu, hakuna paa wala waya wa stima wa kukukatia picha, na mibuyu iko kwa anayetafuta kivuli. Ila ufuo ule unaelekea kusini-mashariki, na hilo lina gharama yake. Asubuhi jua linachomoza mbele yako, upande wa kushoto, kwa hivyo ndege itatoka nyeusi kama kivuli hata kwa kamera ya bei mbaya. Kuanzia saa tano mpaka saa nane jua liko utosini na tumbo la ndege halipati mwanga. Kuanzia saa tisa jua liko nyuma yako; hapo ndipo rangi za ndege zinaonekana. Ratiba ikiwa na sehemu ya asubuhi na ya jioni, na kikundi hakiwezi kukaa siku nzima, chagueni jioni.

Pepo nazo zisomeni mapema. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, inavuma ikitokea kushoto kwako na kupita sambamba na ufuo kwa kiasi. Kusi inakuja usoni moja kwa moja kutoka baharini. Upepo wa aina hiyo unasukuma ndege kuelekea kwa watu, na rubani anayezunguka lazima aanze kukata kona mapema ili asivuke mstari wa usalama. Kusi ikiwa kali, msishangae onyesho kusogezwa mbali zaidi au kufutwa, si uvivu. Mawingu yakiwa chini pia, mizunguko ya wima huondolewa na ndege hukata kona za ubapa tu. Na moshi wa maonyesho, ambao ni mafuta yanayopulizwa kwenye ekzosi ya moto, siku ya kusi utawafuata mpaka mlipokaa.

Sasa jambo linaloharibu vikundi vingi: namna ya kuitana. Wapenzi wa ndege duniani kote huelekezana kwa uso wa saa. Kumi na mbili ni mbele, tatu ni kulia, tisa ni kushoto. Jaribu kumwambia Mswahili "iko saa tatu!" Saa tatu yetu mshale uko kwenye tisa, kwa hivyo nusu ya kikundi itageuka kulia na nusu kushoto, na jeti imeshapita. Kubalianeni kabla: mtu mmoja ndiye mwitaji, na anatumia kushoto, kulia na alama zinazoonekana. "Kushoto, juu ya meli ya makontena, chini." Basi. Wengine wanyamaze.

Mwitaji asisubiri sauti. Sauti inachukua kama sekunde tatu kwa kila kilomita. Jeti inayokwenda kilomita 700 kwa saa inapita karibu mita 195 kila sekunde, kwa hivyo ikiwa kilomita moja kutoka kwenu, mngurumo unapofika sikioni yenyewe imeshasonga karibu mita 600. Ukitazama ulikosikia, utaona mawingu. Tazama mbele ya sauti, kule inakoelekea. Darubini ya kukuza mara 8 inatosha. Ya mara 12 inatikisika mkononi na ndege inatoka kwenye duara kabla hujaikamata.

Kwa wenye kamera, kosa la kawaida ni kuweka kasi ya shata (muda ambao kamera inafungua jicho lake, kwa sehemu ya sekunde) juu kwa kila kitu. Jeti, sawa, 1/1000 au zaidi. Lakini ndege ya propela kwa 1/2000 inatoka na propela zimesimama, kama kitu cha kuchezea kilichotundikwa kwa uzi. Shuka mpaka 1/160 au 1/250, ufuate ndege kwa kiuno, si kwa mikono, na uendelee kugeuka hata baada ya kubonyeza. Helikopta inataka chini zaidi, karibu 1/100. Picha nyingi zitaharibika. Ndiyo kazi yenyewe. Ongeza mwangaza kwa hatua moja, kwa sababu anga jeupe linaidanganya kamera ifikiri kuna mwanga mwingi kuliko uliopo kwenye ndege. Wenye simu wasikuze kwa vidole, na wasiogope propela ikionekana imepinda kama ndizi: simu husoma picha mstari baada ya mstari, na propela inazunguka wakati usomaji haujaisha.

Lenzi ikitoka kwenye gari au chumba chenye ac na kukutana na joto la Mombasa, inapata ukungu papo hapo. Usiifute. Acha mfuko umefungwa dakika 20 hadi 30 ipate joto polepole. Hii maana yake kufika mapema, si kuwasili ndege ya kwanza ikiwa angani.

Masikio ya watoto ni ya kufikiriwa kabla ya picha. Pamba ya dukani haizuii kelele ya kutosha. Vizibo vya sponji vinasaidia vikivaliwa sawasawa: mikono safi, kiviringishe kiwe chembamba kama njiti, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kisha ukishikilie kwa kidole kama nusu dakika mpaka kitanuke. Kikitokeza nje nusu nzima hakijaingia. Watoto wadogo wavalishwe vifuniko vya kuziba masikio yote.

Maji, lita mbili kwa mtu. Madafu yapo lakini foleni itakuwepo. Kachiri na mihogo vitakuwepo vilevile, na hapa ndipo kunguru wanapoingia. Wanajua kwamba watu wote wakitazama juu, hakuna anayetazama sahani. Chakula kikae kwenye chombo chenye mfuniko.

Droni iacheni nyumbani. Kenya ina kanuni za vyombo hivyo tangu 2020, vinasajiliwa na kuombewa kibali, na droni moja isiyojulikana inatosha kusimamisha onyesho zima. Kamera nazo zielekezwe angani: feri, bandari na kambi ya wanamaji ya Mtongwe si vitu vya kupiga picha.

Mkipendelea kukaa mchangani ng'ambo ya Likoni, angalieni jedwali la kujaa na kupwa kwa maji. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, maji hujaa karibu saa kumi jioni, saa ileile mwanga unapokuwa mzuri, na ufuo mliouchagua asubuhi unakuwa ukanda mwembamba wa kusimama kwa zamu.

Jioni, kabla ya kufunga mfuko, kamera na darubini zina chumvi hata kama hamkuiona. Kitambaa kikavu kinaisugua ile chumvi kwenye kioo kama msasa. Puliza kwanza, kisha pitisha kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo ya chumvi na kukamuliwa, ndipo ukaushe.