Kuchagua Mishale ya Kuwindia Wapiti kwa Uta

Wapiti ni mnyama mkubwa mwenye pembe wa Amerika Kaskazini, aitwaye elk kwa Kiingereza. Dume aliyekomaa wa Milima ya Rocky hufikia kilo 300 na zaidi, na mapafu yake yamekingwa na ngozi nene, misuli mizito na mbavu pana, huku kombe la bega likiwa mbele kidogo tu ya mahali mwindaji anapopaswa kulenga. Katika majimbo ya Marekani kama Colorado na Montana, msimu wa uta huangukia hasa mwezi Septemba, wakati madume yanapolia kutafuta majike. Mwindaji anayejua kuigiza mlio huo huweza kumvuta dume mpaka mita 30 au pungufu. Kwa umbali huo kasi ya mshale si tatizo kubwa. Jambo la kwanza ni kama mshale utapenya pande zote mbili.

Msomaji aliyekulia Afrika Mashariki atakumbuka kwamba mishale ya Wakamba na Wawaata ilipakwa sumu ya msunguti, nayo sumu ndiyo iliyoua, hata mshale ulipoingia kidogo tu. Colorado na majimbo jirani hayaruhusu sumu. Mshale wa huko huua kwa kukata mishipa na mapafu, kwa hiyo kila uamuzi unaofuata unapaswa kupimwa kwa kigezo cha kupenya na kukata.

Anza na kigumba, yaani kichwa cha mshale chenye makali, ingawa maduka mengi yatakuanzishia kwenye wano, ule ufito wa mshale wenyewe. Colorado inataka kigumba chenye upana usiopungua inchi 7/8, yaani milimita 22 hivi, na angalau makali mawili ya chuma; soma kanuni za jimbo lako kabla ya kulipa, kwa sababu zinatofautiana na hubadilika. Vigumba ni vya aina mbili kuu: vyenye makali yasiyosogea, na vile vinavyofunguka vinapogonga. Vinavyofunguka hukata kidonda kipana na kwa kawaida huruka karibu sawa na ncha za mazoezi, lakini hutumia sehemu ya nguvu ya mshale katika kufunguka na kupasua, na vikikutana na mfupa kwa mshazari vinaweza kukwama. Kwa wapiti mimi ninapendelea makali yasiyosogea, mawili au matatu, hasa kwa mtu ambaye uta wake huvutwa kwa nguvu ya chini ya ratili 60 (kama kilo 27). Aina yoyote utakayochagua, makali yawe ya kunyoa nywele za mkononi. Kigumba butu husukuma mishipa pembeni badala ya kuikata.

Sasa uzito. Mishale hupimwa kwa greni, na greni 1 ni kama gramu 0.065. Montana inataka mshale mzima, pamoja na kigumba, usipungue greni 300, lakini hicho ni kima cha chini cha sheria na si shabaha ya kulenga. Kwa uta wa kapi (ule wa kisasa wenye magurudumu kwenye ncha zake) wa ratili 60 hadi 70, mshale wa greni 450 hadi 525 unafaa sana. Chukua mfano wa mshale wa greni 420 unaoondoka kwa mita 85 kwa sekunde na mwingine wa greni 500 unaoondoka kwa mita 78. Nishati yao ni karibu ileile, jouli 98 hivi, lakini ule mzito una momenta (tungamo mara mwendokasi) kubwa zaidi kwa karibu asilimia 10, na momenta ndiyo inayousaidia mshale kuendelea kusonga baada ya kukutana na ubavu. Gharama yake ni kwamba kwenye mita 40 ule mzito utashuka zaidi kwa sentimita 20 hivi, kasoro inayotibiwa kwa kipimaumbali cha leza na mazoezi. Ed Ashby, aliyefanya majaribio ya mishale huko Natal, Afrika Kusini, katika miaka ya 1980, alitaja greni 650 kuwa kizingiti cha kuvunja mifupa mizito. Uzito huo haudhuru, ila kwa wapiti na uta wa kisasa naona ni zaidi ya mahitaji ya watu wengi.

Ukishajua uzito wa kigumba, ambao mara nyingi ni greni 100 au 125, ndipo uchague ukakamavu wa wano, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Kiwandani wano huegemezwa kwenye nguzo mbili zilizoachana kwa inchi 28, kisha uzito wa gramu 880 huning'inizwa katikati. Likipinda inchi 0.340, huandikwa 340. Kwa hiyo namba ndogo ina maana ya wano kakamavu zaidi. Uta wenye nguvu zaidi, wano refu zaidi na kigumba kizito zaidi, vyote hulifanya wano lipinde zaidi upote (kamba ya uta) unapolisukuma, na hivyo hudai namba ndogo. Mtu wa ratili 60 na mvuto (umbali kutoka mshikio wa uta hadi upote uliovutwa) wa inchi 28 mara nyingi huangukia 400. Wa ratili 70 na inchi 29 huangukia 340, na akiongeza uzito wa mbele huenda akahitaji 300. Fuata jedwali la mtengenezaji, na ukiwa kati ya namba mbili chukua ile kakamavu zaidi. Wano legevu lenye kigumba kipana huyumba hewani, na mshale unaofika umekaa upande hupoteza nguvu kabla hata ya kuingia.

Uzito wa mbele, yaani jinsi mahali pa msawazo palivyo mbele ya katikati ya mshale, uwe wa wastani: asilimia 10 hadi 15 ya urefu inatosha. Pima kutoka mfuo wa upote (mkato wa nyuma ya mshale unaoingia upote) hadi mwisho wa wano, tafuta mahali mshale unaposawazika, toa nusu ya urefu, kisha gawanya kwa urefu wote. Wano la sentimita 72 linalosawazika kwenye sentimita 45 lina asilimia 12.5.

Kuhusu unyoofu, tofauti ya inchi 0.003 inamtosha mwindaji. Mawano ya 0.001 ni ghali na faida yake msituni haionekani. Wano jembamba halipeperushwi sana na upepo wa milimani kama wano nene. Manyoya ya plastiki yaliyobandikwa kwa kujipinda kidogo huuzungusha mshale na kukidhibiti kigumba chenye makali yasiyosogea.

Kabla ya msimu, piga mishale ile ile kwa vigumba vile vile utakavyovitumia, kuanzia mita 20 hadi mwisho wa umbali wako, na ulinganishe na ncha za mazoezi. Vikipishana, rekebisha kwanza pumziko la mshale, yaani kiegemeo chake kwenye uta, kabla ya kulaumu kigumba. Zungusha pia kila mshale juu ya kitu kigumu kama meza ukiusimamisha kwa ncha. Unaotetemeka ubaki wa mazoezi. Wano la kaboni lililogonga kitu kigumu likunjwe taratibu huku ukisikiliza na kutazama nyufa, na likilia au likionyesha ufa livunje mara moja, kwa sababu linaweza kupasuka wakati wa kuachia na kuingiza vijiti vyake katika mkono unaoshika uta.