Majani ya London yana siku zake: wende lini na wapi ukayaone yakipukutika

Kwetu Tanga palikuwa na mkungu uani. Kila ulipokaribia kupukutika, majani yake mapana yaligeuka rangi ya damu ya mzee, na mama akanipa ufagio wa chelewa nifagie kabla sijaenda shule. Kwa hiyo nilipohamia London jani jekundu halikuwa geni kwangu. Kigeni kilikuwa msitu mzima kugeuka rangi kwa pamoja, na baada ya wiki tatu usikute kitu.

Mwaka wa kwanza nilitoka mwishoni mwa Septemba, nikakuta kijani kitupu. Mwaka wa pili nikasema safari hii siwahi, nikaenda Desemba, nikakuta matawi matupu. Aliyenifundisha ni bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia, maana kazi yangu ni kulea wazee majumbani. Kila mwaka aliniomba nimsukume na kiti chake cha magurudumu akatazame miti. "Ni wiki hii," alikuwa akiniambia. "Wiki ijayo upepo utakuwa umeyachukua."

Basi anza na kalenda kabla ya ramani. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Uingereza hurudishwa nyuma, ndipo tofauti yetu na nyumbani inapotoka saa mbili kuwa tatu. Ihesabu siku hiyo kama kitovu: siku kumi kabla yake na wiki mbili baada yake ndio muda wenyewe. Vitabu vinauita msimu huu vuli, lakini usichanganye na vuli yetu ya mvua. Hapa unachofukuzia ni jua. Siku zikifupika, mti hujenga ukuta mwembamba pale kikonyo cha jani kinaposhika tawi. Klorofili, ile rangi ya kijani, inavunjika, na manjano iliyokuwa imefichwa chini yake miezi yote inajitokeza. Nyekundu ni jambo jingine: hutengenezwa wakati huo huo kwa sukari iliyobaki ndani ya jani, na hukolea mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa baridi bila kugandisha. Ukiona wiki ya namna hiyo, omba siku ya mapumziko. Ukisikia utabiri wa upepo mkali, nenda kabla haujafika.

Kama una siku moja tu, nenda Epping Forest. Nasema hivi si kwa sababu naishi upande wa mashariki, ila hakuna pengine karibu na jiji utakapoona miti ya namna ile. Ni msitu wa hekta kama 2,400, unaoanzia viwanja vya Wanstead ukapanda kaskazini hadi mji wa Epping, na hakuna kiingilio. Ulinusurika kukatwa na kujengwa nyumba kwa sheria ya mwaka 1878, na tangu hapo unatunzwa na mamlaka ya City of London.

Panda treni ya Central line hadi Loughton. Kutoka kituo cha Liverpool Street, katikati ya jiji, ni kama nusu saa. Ukishuka, ulizia njia ya msituni kuelekea kitongoji cha High Beach. Ni mwendo wa saa nzima hivi kwa mguu wa polepole, wenye vilima, na katikati utapita Loughton Camp, mabaki ya boma la udongo la watu wa kale. Hapo ndipo usimame. Mti unaotawala unaitwa beech. Zamani wanakijiji walikuwa na haki ya kukata matawi ya kuni, na waliyakata juu ya kimo cha mtu ili mifugo isile machipukizi. Ukataji ulipokoma, matawi yale yakanenepa kila moja kama mti wake mwenyewe. Leo shina moja fupi, nene, lenye gome laini la kijivu, limebeba matawi kama mkono uliofunguka vidole.

Okota jani lake moja ulitazame. Si kubwa, linaenea kiganjani, ukingo wake una mawimbi na mishipa imepangika sawasawa kama mbavu za dau. Likiwa katikati ya kugeuka, manjano inaanzia pembeni na kijani kinabaki kimeng'ang'ania mishipa. Siku chache baadaye lote ni rangi ya shaba, na ukilifumba mkononi linalia. Sasa zunguka upande wa pili wa mti ili jua liwe nyuma ya majani, inua uso. Wengi wanapiga picha jua likiwa mgongoni mwao, halafu wanalalamika kwamba picha imefifia. Jani linataka mwanga upite ndani yake.

Fika kabla ya saa tano asubuhi. Mwisho wa Oktoba jua linazama saa kumi na dakika arobaini, na katikati ya Novemba saa kumi na robo giza limeshaanza. Mimi niliwahi kulisahau hilo, nikatoka msituni kwa tochi ya simu na mwanangu analia njia nzima. Vaa gambuti, maana chini ya majani ni tope. Beba chupa ya chai ya tangawizi na mandazi. Uyoga utauona mwingi, usiuchume, umekatazwa.

Ukiwa na mzee au mtoto wa kigari, badala ya Loughton nenda Chingford, kwa treni kutoka Liverpool Street. Tembea polepole kupita jumba la kiwindaji alilojengewa Mfalme Henry VIII mwaka 1543, mpaka ziwa la Connaught Water. Njia ya kulizunguka imetengenezwa vizuri, kiti cha magurudumu kinapita, na siku isiyo na upepo miti yote unaiona mara mbili.

Msitu wa Kiingereza lakini ni wa manjano na shaba. Anayetaka wekundu wa mkungu afuate miti ya Kijapani. Kyoto Garden, ndani ya Holland Park, ni ndogo, ipo tangu 1991, ina maporomoko ya maji na tausi wanaotembea watakavyo. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, Jumamosi hutapata pa kuweka mguu. Richmond Park ni kubwa mno, na ndani yake ipo bustani ya Isabella Plantation yenye rangi zote. Shuka Richmond, chukua basi la 65 hadi geti la Petersham. Oktoba kulungu dume wanapigania majike na ngurumo zao zinasikika mbali: kaa mita 50 kutoka kwao, na mtoto mshike mkono. Bustani ya mimea ya Kew ni nzuri, ila ni ya kulipia, na mimi fedha hiyo naitia kwenye nauli.

Na kama kazi imekubana hadi Novemba imekwisha, tazama mti wa mitaani wenye gome la mabaka kama gwanda la mwanajeshi, ule wa London plane. Huo ni kati ya miti inayochelewa kupukutika. Upo kwenye kituo changu cha basi, na nikitoka zamu ya usiku majani yake mapana yameshaanguka kwenye benchi, makubwa kama ya mkungu. Nachukua moja, nalikausha katikati ya kitabu, namtumia mama.