Picha mbili za mlima mmoja: namna ya kuonyesha barafu ya Kilimanjaro inavyokwisha

Napiga picha Dodoma, harusi na paspoti zaidi, na msimu wa maonyesho ya wakulima ya Nane Nane napanga picha za barafu ya Kilimanjaro pale viwanja vya Nzuguni. Wengi wanaopita hawajawahi kuuona mlima ule kwa macho. Picha moja nzuri ya kilele wataisifu na kwenda zao. Zinazowasimamisha ni mbili zilizopigwa sehemu ileile, miaka tofauti.

Anza na picha ya zamani yenye mwaka unaojulikana na alama isiyohama, kama mwamba au ukingo wa kreta, lile shimo la volkano kileleni. Ukifika, sogea taratibu mpaka mwamba wa mbele ukae mbele ya ule wa nyuma vilevile kama kwenye picha ya zamani. Hatua chache kushoto tu, mpangilio umeharibika. Andika tarehe, saa na lenzi uliyotumia, na uhifadhi GPS kwenye simu ili mwingine aje kurudia hapohapo. Ukipigia mjini Moshi, chini ya mlima, amka alfajiri. Jua likishapanda, mara nyingi mawingu yanafunika.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: theluji iliyoanguka jana si barafu ya kudumu. Usiku mmoja unaweza kukipaka kilele chote rangi nyeupe, na siku chache baadaye imeondoka. Ukiweka picha ya asubuhi kama hiyo kando ya picha ya kiangazi, umewadanganya watu, hata kama zote mbili ni za kweli. Linganisha kiangazi kwa kiangazi. Barafu yenyewe utaijua kwa kuta zake zilizosimama wima, zenye matabaka.

Safisha picha kubwa, kwenye karatasi isiyong'aa, maana jua la Nzuguni halina huruma. Chini andika machache: mwaka 1912 barafu ilikuwa kama kilomita za mraba 12; mwaka 2011, chini ya 2.

Mama mmoja muuza karanga aliniuliza, "Mwanangu, hiyo barafu ikiisha, sisi huku tunakosa nini?" Ukiulizwa hivyo, usimtishe kwamba mito itakauka. Maji mengi ya mlima ule yanatokana na mvua na msitu. Nilimweleza kwamba hewa ya kule juu imekuwa kavu, theluji mpya haitoshi kuilisha barafu, na jua linaila, nyingine ikipotea kama mvuke bila hata kuwa maji. Mtu wa Dodoma anaielewa hewa kavu haraka kuliko mtu yeyote.

Akasema, "Lete nishike." Akaweka kidole gumba kwenye mwamba wa picha ya kwanza, akautafuta kwenye ya pili, akaupata, kisha akapitisha kidole pale palipokuwa peupe. Ndiyo maana situndiki picha juu tena. Naziweka mezani, usawa wa mikono, jozi kwa jozi, na kitambaa cha kufutia vumbi pembeni.